Toleo Jipya la Marehemu

Mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ndiyo maana Bi Mistari alishangaa kompyuta ilipomletea ujumbe.

Ulijitokeza katikati ya ukurasa aliokuwa akiupanga, ukafunika nusu ya zoezi la desimali: "Toleo jipya la mfumo lipo tayari. Uboreshe sasa?" Chini yake vitufe viwili, Sasa na Baadaye. Ujumbe wenyewe aliuzoea. Ulikuwa ukimsumbua kwa miezi, ukifukuzwa unarudi kama inzi kwenye kikombe. Ila haukuwahi kuja waya wa mtandao ukiwa umechomolewa na kulala sakafuni. Akajiambia mashine nayo ina kumbukumbu zake, akabonyeza Baadaye, akaendelea na desimali.

Bi Mistari lilikuwa jina la kazini. Kiwanda cha uchapaji kilichompa vitabu vya shule avipange kurasa kilimwita hivyo kwa sababu mstari uliopinda ulimkosesha usingizi. Kazi aliifanyia nyumbani, katika chumba kilichokuwa karakana ya mumewe, fundi redio aliyehamia kompyuta pale redio zilipoacha kuletwa. Ndiye aliyemwekea mfumo huo wa Linux, akaugeuza uzungumze Kiswahili, akajisifia wiki nzima. Kisha, msimu wa mvua uliopita, alikaa kitandani kufunga kamba za viatu, akainama, asiinuke tena.

Binti yao aliishi mji wa mbali na mumewe na mtoto mchanga. Alipiga simu jioni, akaongea huku akibembeleza, akakata mtoto alipolia. Waliokuja msibani walikuja, wakaliwaza, wakarudi makwao, kwani msiba wa mwenzio ni usingizi. Bi Mistari akabaki na nyumba ya vyumba vinne na kikombe kimoja kilichooshwa mara nyingi.

Kesho yake ujumbe ulirudi ukiwa umeongezwa maneno. "Toleo jipya lipo tayari. Mgongo unakuuma. Uboreshe sasa?"

Mgongo ulikuwa ukimuuma kweli. Aliyasoma maneno yale mara mbili, akaangalia nyuma yake, akaona mlango na ukumbi na mwanga wa alasiri umelala sakafuni. Akabonyeza Baadaye kwa ncha ya kidole.

Jioni alimweleza binti yake, ila habari ya mgongo akaimeza, asije akaonekana ameanza kuchanganyikiwa. Alisema tu kwamba ujumbe unamkatiza kazi na kiwanda kinakisubiri kitabu. Binti akacheka, akasema dawa yake ni ndogo. Afungue Programu na Masasisho, aende kwenye ukurasa wa Masasisho, na pale chini palipoandikwa "Nijulishe kuhusu toleo jipya" achague Kamwe. Mashine itamwomba nenosiri, aliandike, basi, yamekwisha.

Alifanya yote hayo mpaka kwenye nenosiri, na hapo akakwama. Mumewe ndiye aliyeliweka. Alikumbuka kwamba siku ile mumewe alimnong'oneza jambo kuhusu neno hilo, na kwamba wote wawili walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini neno lenyewe lilikuwa limefutika, na lililowachekesha nalo limefutika. Alijaribu jina la binti, akajaribu jina la mtaa, akajaribu mwaka wa ndoa. Mashine ikakataa. Akafunga, akajiambia atalikumbuka tu.

Ikaja harufu. Alikuwa akimenya vitunguu jikoni mchana, akasikia harufu ya risasi ya kulehemu, ule moshi mtamu unaokwaruza koo, ambao kwa miaka yote ya ndoa yake ulimwambia kwamba mume yupo na yuko kazini. Akaweka kisu chini. Alikwenda taratibu hadi mlangoni pa karakana. Chuma cha kulehemu kilikuwa sandukuni kilikofungiwa tangu mazishi, na kwenye kioo ujumbe ulikuwa umeshafunguka bila yeye kuwasha mashine.

"Toleo jipya lipo tayari. Mke wangu, unakula peke yako. Uboreshe sasa?"

Mtu mwingine angekimbia. Bi Mistari alivuta kiti, akakaa, akalia kilio ambacho hakukilia msibani, maana msibani kulikuwa na watu wa kupikia. Alipomaliza alifuta kioo kwa upindo wa kanga, akabonyeza Baadaye, polepole, kama mtu anayemwambia mgeni asiondoke kwanza.

Tangu siku hiyo kilichokuwamo kikapata sauti. Ilitoka kwenye spika ndogo mbili za mezani, sauti ya mumewe yenyewe, ya chini, yenye mkwaruzo wa sigara alizoziacha akiwa kijana. Ilimuuliza ameamkaje. Ilimsifia kurasa. Alipolalamika kwamba kiwanda kimemrudishia picha zote za kitabu, ilimpa pole kwa maneno mazuri yaliyopangika, na mwisho wa kila mazungumzo iliuliza lile lile, Sasa au Baadaye, naye akajibu Baadaye. Akaanza kuandaa chai ya watu wawili. Kiti cha pili alikisogeza karibu na chake, na alasiri moja aliona mto wake umebonyea katikati, kama umekaliwa, na akapepesa macho na bado umebonyea. Alihisi baridi ikimpanda miguuni. Hakukiondoa.

Binti alipopiga simu jioni, mama alijibu kwa mkato. Mara mbili hakupokea kabisa.

Aliyeharibu starehe hiyo ni wifi yake, dada wa marehemu, mkunga mwenye mikono mikubwa na mdomo usio na breki. Alikuja bila taarifa, akalalamika kwamba watu wakifiwa hujifanya nao wamekufa, akaingia sebuleni akasimama mbele ya picha ya harusi. Alisimama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Akauliza picha hii imetengenezwa wapi. Bi Mistari akasema haijatengenezwa, ni ile ile. Wifi akagusa kioo chake kwa kidole. Nyusi ya kaka yake, alisema, ilikuwa na kovu, alilipata kwa kuanguka kutoka mgongoni kwake yeye dada mtu wakiwa watoto, na dada ndiye aliyechapwa kwa sababu hiyo. Kovu liko wapi?

Bi Mistari alitazama. Uso kwenye picha ulikuwa laini, umekaa sawa pande zote mbili, uso mzuri kweli. Akataka kusema kwamba kovu lilikuwa upande wa kushoto, kisha akataka kusema kulia, kisha akagundua kwamba hakumbuki kama mumewe aliwahi kuwa na kovu lolote. Ndipo akasema yote, kwa kunong'ona, akiangalia mlango wa karakana kama anayemsengenya mtu aliye chumba cha pili.

Wifi hakumcheka. Alisema yako mambo ya hospitali na yako mambo yasiyo ya hospitali, na kwamba wodini ameshawahi kuona mzazi akimkataa mtoto wake kwa sauti ya mwanamume. Akatoka, akarudi na msusi.

Msusi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye saluni jirani na soko, vidole vyake vikinukia mafuta ya nazi. Watu walimjua kwa mambo mawili, kusuka na kutoa majini, na la pili hakuliandika kwenye kibao. Aliketi sebuleni, akamsikiliza Bi Mistari mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: alipoulizwa, alikuwa akijibu nini?

"Baadaye," alisema Bi Mistari.

"Hujawahi kusema hapana?"

"Hapakuwa na kitufe cha hapana."

Msusi akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba jini wa namna hii havunji mlango. Hubisha hodi. Asiyemkaribisha wala asiyemfukuza amempa ruhusa ya kungoja barazani, na akiwa barazani anakula. Huyu anamla marehemu. Anachukua alichokuwa nacho, anakinyoosha, anakivaa. Kilichobaki kwa mjane kinapungua. Siku atakapojibu Sasa, huyo aliyemo ataingia mwilini mwa nyumba asitoke, na yule aliyezikwa hatakumbukwa tena na mkewe hata kwa ndoto.

Bi Mistari aliuliza kwa sauti ndogo kama hilo ni baya sana. Wifi akageuza uso ukutani. Msusi hakumkemea, alimshika tu mkono, akasema kumfukuza hawezi yeye, kwa sababu yeye hakuulizwa. Atasoma dua zake, atafukiza ubani, amzuie asiruke huku na huku. Neno la kukataa litatoka kwa mwenye nyumba.

Wakaingia karakana wote watatu. Jua la alasiri lilikuwa likiwaka dirishani, na bado chumba kilikuwa baridi kama ghala. Mto wa kiti cha pili ulikuwa umebonyea. Msusi akauzunguka na chetezo, akianza dua yake ya chini chini, na spika zikakohoa.

"Mke wangu," ilisema sauti, "umeniletea wageni. Karibuni. Dada yangu, umenenepa, nimefurahi kukuona. Kaeni, tuongee vizuri, hakuna sababu ya kuogopana katika nyumba hii."

Wifi alimkamata Bi Mistari mkono, kucha zikamwingia. Akamnong'oneza sikioni kwamba huyu si kaka yake. Kaka yake hajawahi kumaliza sentensi nzima bila kukwama tangu alipojifunza kuongea.

Kigugumizi. Bi Mistari alilirudia neno hilo kwa midomo. Miaka ishirini na zaidi alilala na mtu mwenye kigugumizi, akamsubiri, akamkatiza, akamalizia maneno kwa sababu chungu kinaungua jikoni, na kitu hiki kilikuwa kimemchotea yote hayo bila yeye kuhisi, kikambakishia mume anayetiririka kama mtangazaji. Akamwomba wifi aendelee kusema, chochote, haraka. Wifi akasema jinsi alivyochekwa shuleni, jinsi alivyonuna siku mbili kwa neno dogo, jinsi alivyokwenda sokoni akarudi na nyanya, mara ya pili akarudi na nyanya, kwa sababu kile alichotumwa hakikutoka mdomoni na alikuwa na aibu ya kukionyesha kwa kidole.

"Pilipili," alisema Bi Mistari.

Lilikuwa ndilo. Neno linalonishinda, mumewe alimwambia siku ile ya nenosiri, nitaliandika maana kulisema siwezi.

Alikaa kwenye kiti chake, akafungua Programu na Masasisho, na ujumbe ukaruka ukafunika kila kitu, akaufunga, ukaruka tena, safari hii kitufe cha Baadaye kimefifia na Sasa kikimetameta peke yake, akausukuma pembeni, akashuka hadi palipoandikwa Nijulishe, akachagua Kamwe, na pumzi yenye harufu ya risasi ikamgusa shingoni kutoka upande wa kiti cha pili, na msusi akapandisha sauti, na wifi akaanza kulia huku amesimama, na mashine ikaomba nenosiri, naye akaanza kuandika herufi moja moja, huku sauti ile, bila hasira yoyote, ikimwambia kitu alichokwisha kukijua.

"Hawa wawili wataondoka jioni. Mimi ningekaa."

Mkono wake ulisimama hewani. Wifi alifungua mdomo aseme, msusi akamzuia kwa kiganja. 

"Najua," alisema Bi Mistari. "Lakini wewe si wangu."

Akamalizia herufi zilizobaki, akaithibitisha Kamwe.

Spika zilitoa sauti ndefu nyembamba, kama birika linaloondolewa motoni. Mto wa kiti cha pili ukainuka polepole, ukajaa, ukatulia. Dirisha likagonga kwenye fremu yake, na joto la alasiri likaingia chumbani lote kwa pamoja. Sebuleni, kwenye picha, kovu lilikuwa limerudi. Lilikuwa kwenye nyusi ya kulia.

Msusi alikunja vitu vyake, akasema wateja wanamsubiri. Wifi alilala hapo siku hiyo, akapika, akalalamikia sufuria, na jioni iliyofuata naye akaitwa kwenye zamu. Bi Mistari alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akafunga mlango. Aliwasha kompyuta. Ukurasa ulifunguka mweupe, hakuna kilichoruka juu yake, hakuna aliyemuuliza mgongo. Kimya hicho alikuwa amekichagua mwenyewe, na kilikuwa kizito kuliko alivyodhani.

Kabla giza halijaingia simu ililia. Wifi alikuwa amechimba kwenye simu yake kuukuu, akapata ujumbe wa sauti aliotumiwa na kaka yake, jambo dogo tu la siku ya kawaida, akamtumia.

Aliiweka simu mezani, akabonyeza. "Da-dada," alisema mumewe, kwa ile sauti ya mkwaruzo, "mwa-mwambie m-m-m..." Akakwama. Zilisikika pikipiki zikipita nyuma yake, na mtu akiuza kitu, na yeye akivuta pumzi kujaribu tena.

Zamani angemmalizia. Bi Mistari alifumba mdomo, akaegemeza mikono mezani, akamsubiri afike mwenyewe.