Ramani ya Kichwa cha Cheche

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Mtaani wanamwita Cheche. Mimi mkewe wananiita Redio, kwa sababu naongea kutwa nzima. Sikatai.

Asubuhi moja nilikuwa nafua nguo karibu na karakana yake.

"Nipe kijiko," akaniambia.

"Kijiko? Unataka kula geti?"

Akanyoosha kidole kwenye nyundo. "Kijiko!"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikamtazama usoni. Hakuwa anatania. Midomo ilikuwa inamtetemeka, analitafuta neno na halipati. Kicheko kikanikauka.

Siku zilivyokwenda, maneno yalizidi kumpotea. Basi mimi nikawa namjibia. Mteja akiuliza geti litakuwa tayari lini, najibu mimi. Jirani akimsalimia, naitikia mimi. Niliona namsaidia.

Mwishowe nikampeleka hospitali, wakampiga picha ya kwanza ya kichwa. Daktari wa upasuaji, mama mmoja asiye na haraka, akatukalisha.

"Ana uvimbe ndani ya kichwa, upande wa kushoto," alisema. "Tunaweza kuutoa."

"Utoeni hata leo!"

"Subiri, mama. Ndani ya ubongo kuna nyuzi nyembamba mno, mamilioni kwa mamilioni. Zinapeleka habari kutoka sehemu moja hadi nyingine. Uvimbe huu uko karibu na zile za kuzungumza. Tukizikata, huenda asiseme tena maisha yake yote."

Nilipigwa na butwaa. Cheche asiseme tena? Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Mimi, Redio!

Cheche mwenyewe alionyesha swichi ya taa ukutani. Akaufuata ukuta kwa kidole, kutoka kwenye swichi hadi kwenye taa.

"Hapo umenielewa, fundi," daktari akasema. "Hutoboi ukuta kabla hujajua waya unapita wapi. Tuna mashine ya kutuchorea ramani ya nyuzi hizo. Haikati wala haichomi."

Siku ya picha ilifika. Mpiga picha alikuwa bwana mwenye mvi, ameshika fomu.

"Mashine hii ni sumaku kubwa sana," alisema. "Inavuta saa zote, hata kama hakuna mgonjwa ndani. Kwa hiyo nauliza, na nataka ukweli. Ana kifaa chochote moyoni?"

"Hana," nikajibu.

"Amewahi kupigwa risasi?"

"Toba! Hajawahi."

"Amewahi kuingiwa na chuma jichoni?"

"Hajawahi, bwana. Tuingie tu."

Cheche akaanza kujigonga karibu na jicho. "Ile... ile..."

"Ana usingizi," nikasema. "Jana hakulala." Nikamshika mkono, nikamvuta kuelekea mlangoni. Akaushika mwimo wa mlango, akagoma kabisa.

"Mama, nyamaza!" mpiga picha akasema. "Nimemuuliza yeye. Fundi, sema. Sina haraka."

Uso ulinishuka kwa aibu. Tukangoja. Neno halikuja. Cheche akaomba kalamu. Akachora geti. Akachora mashine ya kukatia chuma. Kisha akachora nukta ndogo ikiruka, na mbele yake jicho.

Hapo nikakumbuka yote. Miaka mitano nyuma alirudi ndani na jicho jekundu. Miwani ya kazi ilikuwa imening'inia kwenye msumari. Nilimwosha jicho kwa maji, nikamwambia, "Kimetoka, acha kulia kama mtoto." Kuanzia siku hiyo sikuliwaza tena.

Wakalipiga jicho eksirei. Chuma kilikuwepo bado! Kidogo kama punje ya mchanga.

"Angeingia mle, sumaku ingeweza kukisogeza," mpiga picha alisema. "Angeweza kupofuka."

Nikakaa sakafuni palepale. Masikini mume wangu! Nilikuwa nampeleka kwa mkono wangu mwenyewe.

Daktari wa macho alikitoa. Jicho lilipopona, wakapiga eksirei nyingine. Likaonekana safi. Ndipo Cheche akaingia kwenye mashine.

Daktari akatuita kuona ramani. Nilibaki mdomo wazi. Ndani ya kichwa cha mume wangu mlijaa nyuzi za bluu, nyekundu na kijani, zimepishana huku na huku.

"Rangi zote hizi anazo?" nikauliza.

"Rangi ni za kompyuta, zinaonyesha uzi unaelekea wapi," alisema. "Mashine inafuatilia maji yaliyo ndani ya ubongo. Maji hayo husogea kwa urahisi zaidi yakifuata nyuzi. Kompyuta inaona yanakoelekea, kisha inachora. Sasa tazama hapa. Uvimbe umezisukuma nyuzi za kuzungumza zikaja mbele. Tungepita njia fupi ya mbele, tungezikata. Tutapita nyuma."

"Kwa hiyo sasa hakuna hatari?"

"Hatari ipo. Ramani haionyeshi kila kitu. Ndiyo maana tutamwamsha katikati ya upasuaji, azungumze huku tukifanya kazi."

"Mumwamshe kichwa kikiwa wazi?" Nilipiga kelele mpaka muuguzi akachungulia.

"Ubongo wenyewe hausikii maumivu, mama. Ngozi tutaitia ganzi."

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Jioni wakaniambia uvimbe wameutoa, wakaniruhusu kumwona. Daktari akamuuliza, "Fundi, huyu ni nani?"

Niliziba mdomo wangu kwa mikono miwili. Cheche alinitazama muda mrefu.

"Redio," akasema. Kisha akaongeza polepole, "Mbona leo imezimwa?"

Nililia mpaka nikalowa shingo.

Sasa amerudi kazini, na miwani iko usoni, haiko msumarini. Maneno mengine bado yanachelewa. Nangoja.

Juzi tulirudi kwa picha ya kuangalia maendeleo. Bwana wa mvi akaishika fomu yake.

"Umewahi kuingiwa na chuma jichoni?"

Ulimi uliniwasha, nikaung'ata.

"Ndiyo," Cheche akasema. "Kilikuwepo. Kimetolewa."

Bwana akanigeukia. "Na wewe, mama, una la kuongeza?"

"Sina," nikajibu.

Safari hii aliyepigwa na butwaa ni mume wangu.