Mbingu ya Kunakili

Kila siku ilipotimu saa tatu kamili asubuhi, Khairiya alinyoosha mkono, na mwalimu yeyote aliyekuwa darasani alimruhusu kutoka. Wenzake walimwonea wivu. Yeye alikuwa mtazamaji wa anga wa klabu ya sayansi ya shule yao pale Bagamoyo. Kazi yake ilikuwa ya dakika tano: kusimama katikati ya uwanja, kuinua uso, kuigawa mbingu vipande vinane kama mkate wa sinia, kisha kuandika ni vipande vingapi vimefunikwa na mawingu.

Siku za mwanzo aliifanya kwa moyo wote. Lakini kipya kinyemi, na kinyemi cha Khairiya kilidumu wiki mbili tu. Nje ya lango Bi Tabia aliuza kachori, na wakati wa mapumziko foleni yake ilikuwa ndefu mno. Dakika tano za anga zilitosha kabisa kuwahi za moto.

"Shikamoo, Bi Tabia."

"Marahaba, mwanangu. Leo mbingu inasemaje?"

"Ipo tu," alijibu Khairiya, mdomo umejaa.

Na daftari je? Hilo halikumtia wasiwasi. Mchana klabu ilifungua kompyuta na kutazama picha za mawingu zilizopigwa na setilaiti kutoka angani. Mwalimu Kasian, mlezi wa klabu, alikuwa na kanuni moja: andika kwanza ulichokiona kwa macho yako, ndipo ufungue picha. Khairiya aliipindua. Alitafuta picha iliyoandikwa 03:00, akatazama weupe wa mawingu juu ya Bagamoyo, akajaza daftari. Wiki nzima alifanya hivyo, na hakuna aliyemshuku.

Ijumaa walikuja wageni kutoka shule moja ya Kiwangwa, ambayo nayo ilikuwa ikitazama anga saa ileile. Shule hizo mbili zilitaka kutengeneza jedwali moja la kupeleka kwenye maonesho ya sayansi ya wilaya. Mtazamaji wa Kiwangwa alikuwa msichana mpole aitwaye Katarina.

Mwalimu Kasian alipotoka kutafuta gundi, Mundhir, katibu wa klabu, alianza kusoma tarakimu kwa sauti.

"Jumatatu. Bagamoyo vipande saba, Kiwangwa kimoja. Jumanne. Bagamoyo vinane, Kiwangwa viwili. Mbona hivi?"

Khairiya akamwonyesha zile picha za 03:00. Zote zilionyesha mawingu mazito, Bagamoyo na Kiwangwa pia. Wanafunzi wa Bagamoyo wakaangua kicheko.

"Labda Kiwangwa mnatazama anga mkiwa mmefumba macho," alisema Khairiya, na kicheko kikazidi.

"Mimi nilitazama," alisema Katarina, machozi yakimlengalenga. "Jumanne jua lilinichoma mpaka nikajikinga kwa daftari."

"Picha haidanganyi," alisema Mundhir. Akachukua rula na kalamu ili afute safu yote ya Kiwangwa.

"Hebu ngoja," ilisema sauti mlangoni. Mwalimu Kasian alikuwa amerudi. "Hiyo ni picha ya saa ngapi?"

"Saa tatu, mwalimu. Imeandikwa 03:00."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Setilaiti haifuati saa yetu, inafuata saa ya dunia. Ikiandika 03:00, hapa kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza. Saa tatu yetu ni 06:00 yake."

Akafungua picha za 06:00, moja baada ya nyingine. Mawingu ya alfajiri yalikuwa yameshatawanyika kwa joto la jua. Siku zote tano Katarina alikuwa sahihi.

Mwalimu akaligeukia daftari la Khairiya. "Ajabu. Tarakimu hizi zinalingana na anga ya saa kumi na mbili. Khairiya, ulikuwa ukitazama alfajiri, nyumbani?"

"Kumbe mwenzetu anaamka na adhana!" Mundhir alisema. "Apigiwe makofi!"

Makofi yakapigwa. Khairiya alihisi masikio yanaungua. Alichotakiwa kusema kilikuwa neno moja tu, ndiyo, na mambo yangeishia hapo. Ndipo alipomwona Katarina naye anapiga makofi.

"Nisamehe, mwenzangu," Katarina alimwambia. "Nilikudhania vibaya."

Hilo ndilo lililomshinda. "Msinipigie makofi," alisema, machozi yakimtoka. "Sikutazama. Saa tatu nilikuwa kwa Bi Tabia nanunua kachori. Nilinakili picha."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwalimu hakugomba. Alimpa kalamu, akamwambia akate tarakimu zake kwenye jedwali na aandike ukweli pembeni. Khairiya akaandika mara tano: *Sikutazama.*

"Katarina, nisamehe mimi," alisema bila kuinua uso. "Ulisema kweli nikakucheka."

"Yameisha," Katarina alijibu taratibu.

"Setilaiti inatazama mawingu kutoka juu," alisema Mwalimu Kasian. "Sisi tunayatazama kutoka chini, ili tujue kama inaona sawasawa. Ukinakili picha yake, tunabaki na shahidi mmoja anayejifanya wawili. Na shahidi mkweli akasema lake, anaonekana mwongo."

Kisha akalipaka jedwali gundi.

"Mwalimu, litapelekwa hivyohivyo?" aliuliza Khairiya kwa hofu. "Watu wataona."

"Wataona, mwanangu. Na kwa sababu ya maneno hayo matano, wataziamini tarakimu nyingine zote."

Khairiya alifuta machozi kwa ushungi wake. Kisha akalichukua jedwali na kulibandika kwenye ubao wa maonesho kwa mikono yake mwenyewe.