Mforosadi wa Mbuke na Ndama wa Ndaki

Nyuma ya nyumba ya Mbuke, pale Ibadakuli, kuna kipande cha ardhi. Mumewe, Ndaki, alikitaka kiwe zizi la ndama. Mbuke alikitaka kwa matunda. Walibishana mpaka Ndaki akachoka.

"Haya, Mama Loveness, panda," alisema. "Mvua za mwakani zikikuta hakuna tunda, ndama wangu wanaingia."

Mbuke hakungoja. Mchuuzi mmoja alipita akitembeza miche ya bluberi. Aliisifu weee: vitunda vidogo vyeusi, vitamu, dawa ya mwili mzima! Mbuke akanunua mitatu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini asubuhi ile Mbuke hakuwakumbuka wahenga.

Alichimba mashimo. Kisha akafanya wanavyofanya wengi wenye ng'ombe. Alichota samadi kwenye zizi la ng'ombe, mbichi, ya moto, akajaza mashimo pomoni. Majani yakageuka manjano. Akaongeza samadi. Miche yote ikafa.

Ndaki hakumcheka. Alianza tu kukata nguzo za zizi, na hilo lilimuuma Mbuke kuliko kicheko.

Mbuke akang'oa mche mmoja, akampelekea jirani yake Eunice, afisa ugani wa kata.

"Mama Loveness, bluberi inataka baridi, kama ya Njombe," Eunice alisema. "Tena inataka udongo wenye tindikali. Kwa jua hili letu, hata ungeimwagilia maziwa isingepona."

"Na samadi yangu je? Si niliweka ya kutosha?"

"Uliweka mbichi. Samadi mbichi inachemka, inaunguza mizizi. Ilundike kivulini, uwe unaigeuza. Ikipoa, ikaacha kunuka, ikawa kama udongo mweusi, ndipo uichanganye na udongo wa shimo."

Mbuke aliona aibu, maana samadi ndiyo kitu alichojivunia.

"Sasa nipande nini? Baba Loveness anachonga nguzo."

"Panda mforosadi. Unavumilia jua, na tunda lake ni jeusi na tamu. Ila unapandwa kwa vijiti, kwa hiyo chagua mama yake vizuri. Iko miforosadi inayotoa maua tu, haizai. Usikate kijiti kwenye mti ambao hujauona ukizaa."

Mbuke akacheka. "Kwa Generosa, kule Kambarage, upo mmoja. Kila msimu watoto wake wana midomo ya zambarau."

"Basi huyo ndiye mama."

Mbuke akaenda kwa Generosa. Alikata vijiti vya unene wa penseli, urefu wa shibiri, kila kimoja na macho manne, pale majani yanapochipukia. Nyumbani alichomeka macho mawili ardhini na kuacha mawili juu. Akatandaza maganda ya karanga kutunza unyevu, bila kugusa shina. Jioni ambazo mvua haikunyesha, alimwagilia. Samadi aliiacha ipoe kwanza, ingawa mikono ilimwasha kuimwaga.

Vijiti vichache vilikauka. Vingi vilichipua.

Mvua za mwaka uliofuata zilipofika, miforosadi ilikuwa inamfika Mbuke kiunoni. Matunda hayakuwa mengi, lakini Loveness alitoka uani mdomo mweusi kabisa. Ndaki alimtazama mwanawe, kisha akatazama nguzo zake.

Matunda yalipokwisha, Mbuke alipunguza matawi, kwa kuwa Eunice alimwambia kuwa tunda huja kwenye chipukizi jipya. Matawi akayatupa nje ya bustani. Ndama wakayavamia, wakala majani yote.

"Kumbe wanakula haya?" Ndaki aliuliza.

"Eunice anasema ni malisho mazuri," Mbuke alijibu. "Wewe ulitaka ndama, mimi nilitaka matunda."

Kesho yake Mbuke alimkuta mumewe uani. Nguzo za zizi zilikuwa zimesimama kuzunguka miforosadi, zikiizuia mifugo isiingie. Ndaki mwenyewe alikuwa amechuchumaa, akihesabu macho kwenye vijiti alivyokata kutoka matawi yale.

"Mama Loveness," aliuliza bila kuinua kichwa, "ile samadi iliyopoa iko wapi?"