Nani Anairudisha Nyuma Filamu ya Marehemu?

Jamani, mume wangu nilimzika kwa macho yangu haya. Sasa nani anairudisha nyuma filamu yake??

Ilikuwa mchana kweupe. Fundi ametoka kunifungia kadi ya TV ndani ya kompyuta, akachomeka waya wa kebo, chaneli za HD zikamiminika, picha safi mpaka jasho la mtangazaji unaliona. Nilitaka sauti tu ndani ya nyumba. Ukimya ulikuwa unanimaliza.

Nikafika chaneli isiyo na jina... Moyo paa!

Filamu yake! Ile ya kizamani, ya mpishi anayejifungia kwenye friji. Marehemu alikuwa haishi kuiangalia.

Ghafla picha ikaganda. Ikarudi nyuma. Ikaendelea. Ikarudi tena!

Na mimi sijagusa kitu.

Nikampigia fundi.

"Fundi, kuna mtu humu kwenye kompyuta!"

Akacheka. "Dada, tulia. Waya wa kebo wa jengo zima ni mmoja. Jirani akijiagizia filamu kwenye kisimbuzi chake, inapita humo humo. Kadi yako imeidaka tu."

"Na anayerudisha nyuma?"

"Si huyo huyo jirani, na rimoti yake!"

Jirani gani sasa anaijua filamu ile?

Mmoja tu. Anakaa juu ya sebule yangu... Mama mkwe! Yule aliyenikazia macho msibani, watu wote wanasikia, akasema: "Umeniulia mwanangu. Ungemlazimisha aende hospitali!" Tangu siku ile hata salamu yangu haitikii.

Nikapanda ngazi nimefura. Yaani yeye anastarehe, mimi huku roho inataka kutoka!

Mlango ulikuwa wazi. Yuko mbele ya TV, rimoti kifuani, macho mekundu.

"Shikamoo, mama. Kumbe ni wewe unayeirudisha rudisha?"

Hakuuliza nimejuaje.

"Marahaba," akasema.

Hasira zote zikaniishia pale pale.

"Hata siipendi hii filamu," akasema. "Ila nilikuwa namsikia kutoka huku juu. Anacheka mpaka sakafu inatetemeka, mimi nasonya. Sasa napatafuta hapo alipokuwa anacheka... Napitiliza, narudi, sipaoni."

Akaninyooshea rimoti.

"Wewe ulikuwa unakaa naye. Alikuwa anacheka wapi, mwanangu?"

Mwanangu!! Mimi!

Nikakaa, nikaichukua rimoti, nikapeleka mpaka mpishi anapopiga hodi kutoka ndani ya friji, na tajiri yake anaitikia, "Karibu!"

Hakuna aliyecheka. Sote wawili tulikuwa tumeinamia sakafu, tunasikiliza huko chini kwangu...

Kimya.

Akanishika mkono.

"Rudisha tena," akasema.

Nikarudisha.

Ndugu zangu mnaosoma, aliyekurushia maneno msibani huenda hana pa kuulizia habari za marehemu ila kwako. Mwendee kabla naye hajaondoka.