Vidonge vya Mke, Goti la Mume

Fundi cherehani aling'olewa jino, shavu likavimba. Mumewe, seremala, akamtania, "Mke wangu, umeficha kitunguu mdomoni?"

Daktari wa meno alimpa vidonge vya kimeng'enya vya kupunguza uvimbe. Alimwambia avimeze vizima, kabla ya kula. Baada ya siku nne uvimbe ulikuwa umepungua. Vidonge sita vilibaki.

Wiki hiyohiyo ubao ulimwangukia mume gotini. Goti likavimba, na kuna kabati alitakiwa kulimaliza.

"Kunywa vyangu," mke akamwambia.

"Si uliandikiwa wewe?"

"Kwani mimi na wewe si kitu kimoja?"

Mume akacheka, akameza. Siku ya tatu goti lilikuwa jeusi. Alipopiga mswaki, fizi zilitoka damu, na damu haikukatika. Mke akaogopa. Akamwita jirani yao, muuguzi.

"Shemeji," muuguzi akauliza, "kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Ile ya damu isigande, dada. Tangu mshipa wa mguu ulipoziba."

Muuguzi akakigeuza kipakiti cha vidonge, akasoma.

"Dawa hii huweza kuzidisha kutoka damu. Ukiichanganya na yako, ni hatari. Na hilo pigo la goti pia tusilidharau. Twende hospitali sasa hivi."

"Basi niache dawa zote?"

"Acha hii ya uvimbe. Ile ya damu usiiache wala usiizidishe mpaka daktari aseme."

Njiani mke alilia. "Mimi ndiye niliyempa. Si tunakaa nyumba moja?"

"Nyumba ni moja, dada. Miili ni miwili."

Hospitalini walikuta damu imevujia ndani ya goti. Alilazwa siku tatu. "Mngechelewa, tungesema mengine," daktari alisema. Mke akamshika mumewe mkono.

Waliporudi nyumbani, mke alipeleka vidonge vilivyobaki duka la dawa vikaharibiwe. Kisha akaandika kwenye karatasi dawa zote za mumewe, akamwambia atembee nayo mfukoni.

Mwezi uliofuata seremala aliumwa mgongo, akaenda zahanati. Kabla ya kueleza maumivu, alitoa karatasi. Tabibu akaisoma, akakata dawa aliyokuwa ameanza kuiandika, akaandika nyingine.

"Nani kakufundisha hivi?" akauliza.

"Mke wangu," seremala akajibu. "Anataka nizeeke naye."