Gari Halikusimama Kongwa

Baridi ya Juni ilikuwa imeisukuma nusu ya Dodoma kwenye mitumba ya soko la Majengo. Elieth alishika mkono mmoja wa koti la bluu. Mkono wa pili ukavutwa na kijana mrefu, shati jeupe, kitambulisho cha Bunge kifuani.

"Dada, hilo la kiume."

"Kwani baridi nayo ni ya kiume?"

Ludovick akacheka, akaachia koti, akamsindikiza mpaka duka la dawa ambako Elieth alikuwa akiuza. Penzi likakolea. Lakini watumishi wa Bunge huja na kikao cha bajeti, na bajeti ikipita hurudi Dar es Salaam. "Wewe ni mke wa bajeti tu," mashoga zake walimtania, na utani ule ulimuuma. Alichotaka Elieth ni kimoja: Ludovick ajulikane kwao Kongwa kabla Bunge halijafungwa.

Jumamosi ya mwisho ya kikao, asubuhi, simu ya dukani ikalia.

"Laazizi, funga mkoba! Nimeazima gari na hema. Tunakwenda kulala mlimani Kiboriani."

"Leo hii? Bila hata kuniambia?"

"Si ndiyo nakwambia?"

Kiboriani! Njia inapita mlangoni kwao kabisa. Elieth akavaa gauni lake la kitenge la kanisani, akapiga kilemba, akanunua na sukari ya mama.

Kongwa walipita mbio. Mzee Ernest, baba yake, alikuwa amesimama kando ya barabara, akainua mkono kusalimu. Ludovick akakanyaga mafuta.

"Ludo! Yule ni baba!"

"Najua."

Elieth akanuna mpaka mlimani, na huko mambo yakazidi kuharibika: hema halina vigingi, kuni mbichi, upepo unamvua kilemba.

"Mama yangu ana ugali na mlenda pale chini, wewe unanilisha maharage ya kopo porini! Sema tu unanionea aibu."

"Aibu?" Ludovick akalitupa hema chini. "Kwetu Bukoba mtu hakanyagi kwa wakwe kabla ya mshenga wake. Mjomba Batholomeo anashuka kwenye treni kesho, Jumatatu yuko kwa baba yako. Nilitaka kukushtukiza!"

Furaha na hasira vilimpanda Elieth kwa pamoja, na hasira ikawahi.

"Na kwetu Ugogoni, mzee akikuinulia mkono ukampita, umemtukana. Huyo mjomba atakuta mlango umefungwa, Ludo! Umeniharibia!"

Ludovick akashika kichwa. Kisha akaanza kukunja hema.

Jua lilikuwa bado juu walipofika Kongwa. Ludovick alishuka, akasimama barabarani, hakuvuka kuingia uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye haraka?"

"Ndiye mimi, naomba radhi. Siwezi kuingia. Jumatatu mjomba wangu atakuja kunisemea."

Mzee Ernest alimtazama kijana, akamtazama binti na kitenge chake chenye vumbi.

"Mjomba aje. Wewe nenda zako. Huyu anabaki hapa."

"Baba, lakini Bunge linafungwa kesho kutwa!"

"Na kikao changu mimi nimekifungua lini?"

Gari likaondoka na Ludovick peke yake, na Elieth akasimama pale akitamani kulia. Baba yake alikuwa ameshampa mgongo, anaelekea ndani.

"Mwambie mama yako," akasema bila kugeuka, "Jumatatu tuna wageni."