Ufunguo Uliofungulia Kopo la Rangi

"Kushoto kidogo," alisema Mama Tupa. "Usivute kwa nguvu. Tikisa tu, kama unabembeleza mtoto."

Mama aliukamata usukani kwa mikono miwili, akautikisa kushoto, akautikisa kulia. Mama Tupa alikuwa amechutama kwenye mlango wa dereva, vidole vyake viwili vimeshika ufunguo. Akaujaribu kulia. Ufunguo haukuzunguka. Akaujaribu tena. Ulikuwa umegoma.

"Basi siyo usukani," alisema, akajifuta jasho kwa kiganja. "Usukani ukijifunga, ufunguo hugoma namna hii hii. Ila huu umeshalegea, na bado tumekwama. Tusonge mbele."

Mama Tupa alikuwa fundi wa funguo na makufuli. Watu walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuonekana bila tupa ya kunolea chuma, hata sokoni. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyo na haraka. Alikuwa amefika saa saba mchana, akitembea kwa miguu na kisanduku chake cha vifaa kichwani. Sasa saa kumi ilikuwa inakaribia.

Kwenye ngazi ya mlango wa nyumba alikaa msichana wa miaka kumi na miwili, bintiye Mama. Babu yake alimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukupumzika tangu asubuhi hadi jioni. Leo alikuwa na daftari la hesabu magotini, na tangu arudi shule hakuwa ameandika hata tarakimu moja.

"Na betri je, fundi?" Mama aliuliza. Alikuwa ametoka zamu ya usiku alfajiri ile, kwenye wodi anakofanya usafi, na alikuwa hajafumba macho. Alizungumza akiwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Betri ikifa, ufunguo huzunguka vizuri, ila gari halingurumi. Hapa ufunguo wenyewe hauzunguki. Betri tuiache na amani yake." Mama Tupa aligeuka. "Mwanangu, niazime penseli."

Chiriku alishtuka, akampelekea penseli.

Fundi aliichonga kwa kisu, akakusanya ule unga mweusi kiganjani, akaupaka kwenye meno ya ufunguo. "Kufuli likiwa zito, watu hukimbilia mafuta ya kupikia," alisema. "Mafuta hukamata vumbi, likawa tope humo ndani. Unga wa penseli ni mkavu na unateleza." Akauingiza ufunguo, akautoa, akauingiza tena. Sasa uliingia kwa ulaini. Lakini kuzunguka, haukuzunguka.

"Gari hili na mimi ni rika moja," alisema Babu kutoka kwenye kiti chake kivulini. Alikuwa amenyoosha miguu juu ya kibao. "Asubuhi hata mimi siwaki mpaka nibembelezwe."

Mama Tupa alicheka kidogo. Mama hakucheka.

"Mbona Chiriku leo kanyamaza?" Babu aliendelea. "Kameza nini huyu?"

"Nina hesabu, Babu."

Mama Tupa alisimama, akanyoosha mgongo uliokuwa ukilalamika, akauliza taratibu: "Nijibuni hili kwanza. Ufunguo huu umeanguka? Umekanyagwa? Umetumika kwa kazi yoyote isiyo yake?"

"Hapana," alisema Mama. "Unakaa kwenye msumari nyuma ya mlango. Jana alfajiri nilimpeleka baba hospitali, gari likawaka bila shida. Leo mchana nataka kwenda kutia mafuta, ndiyo haya unayoyaona."

"Na wewe, mwanangu?"

Chiriku alitazama daftari lake. 

"Sijaugusa," alisema.

Ukweli ni kwamba alikuwa ameugusa. Jana jioni alitaka kupaka rangi kibao chake cha somo la kazi za mikono, na mfuniko wa kopo la rangi ulikuwa umeganda. Bisibisi haikuonekana. Kisu alikatazwa. Ufunguo wa gari ulikuwa pale msumarini, umening'inia kama unaomba kazi. Aliuchomeka chini ya mfuniko, akakandamiza. Kopo lilifunguka, na ufunguo ukapinda. Akaulaza kwenye sakafu ya saruji, akaufunika kwa kitambaa usipate alama, akaugonga kwa jiwe mpaka akauona umenyooka. Kisha akaurudisha msumarini.

Alitaka kumwambia Mama usiku uleule. Lakini Mama alikuwa anafunga viatu vya kwenda kazini kwa miguu, macho yamemvimba, na Chiriku akaona heri asimwongezee mzigo. Asubuhi alipoondoka kwenda shule, Mama alikuwa bado njiani kurudi. Sasa neno lilikuwa limekaa kooni siku nzima, na kila saa lilizidi kuwa kubwa.

"Kama ufunguo ni mzima," alisema Mama Tupa, "basi mgonjwa ni swichi yenyewe ya kuwashia."

Alifungua skrubu za vifuniko vya plastiki chini ya usukani, moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya kitambaa kwa mstari. Kazi ile ilikula saa nzima. Skrubu ya mwisho ilikuwa na kutu, ikamkwaruza mkono. Alinyonya damu, akaendelea. Swichi ilipoonekana, aliimulika kwa tochi kwa muda mrefu, kisha akashusha pumzi.

"Dada," alimwambia Mama, "swichi hii hutoka ufunguo ukizunguka hatua moja. Usipozunguka, haichomoki. Njia iliyobaki ni kuitoboa kwa drili. Na ikitobolewa, ndiyo imekufa, haifai tena."

"Mpya itapatikana lini?"

"Ya gari la umri huu? Siku tatu. Pengine nne, nikibahatika."

Mama alitoka garini, akakaa chini, palepale kwenye mchanga.

"Kesho saa kumi na moja alfajiri ni zamu ya baba," alisema kwa sauti ndogo. Mara tatu kwa wiki Babu alipelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, kwa maana figo zake zilikuwa zimechoka. Jirani pekee mwenye gari alikuwa amesafiri. Kutembea Babu hakuweza, na wakati ule wa alfajiri barabara yao haikuwa na gari la kukodi.

"Msijitie presha," alisema Babu. "Leo nitapunguza maji. Nitanywa vifuniko viwili vya chupa, basi."

Chiriku alikumbuka mwezi uliopita, Babu alipokosa zamu moja. Miguu ilivimba mpaka ngozi ikang'aa. Siku mbili alilala akiwa amekaa, kwa sababu akijilaza pumzi zilimkimbia.

"Toboa, fundi," alisema Mama. "Tutafanyaje?"

Waya mrefu ulipitishwa dirishani mpaka sebuleni. Mama Tupa aliijaribu drili hewani, ikanguruma, akaisogeza kwenye swichi.

"Usitoboe!"

Daftari lilianguka. Chiriku alikuwa amesimama, mikono kifuani. "Usitoboe, Mama Tupa. Swichi ni nzima. Ni mimi. Niliupinda ufunguo nikifungua kopo la rangi, nikaugonga kwa jiwe unyooke."

Drili ilinyamaza. 

Mama alimtazama bintiye. Hakuinua mkono wala sauti. "Fundi alikuuliza mbele yangu," alisema. "Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umechoka, Mama."

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Na sasa je?"

Hapo ndipo Chiriku alipolia. Angechapwa, angeumia kidogo kuliko alivyoumizwa na swali lile.

Mama Tupa aliweka drili chini. Aliulaza ufunguo juu ya kioo cha mfukoni, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na kioo. "Njoo uone," alimwita Chiriku. Katikati ya ufunguo, kati ya chuma na kioo, mwanga ulipenya kwenye uwazi mwembamba kama unywele.

"Kwa macho umenyooka," alisema fundi. "Ila ndani ya swichi kuna vijipini vidogo, na kila kimoja kinasubiri jino lake, mahali pake. Meno yakisogea kiasi hiki tu, vijipini havikubali. Na ufunguo ungevunjika humo ndani, tungekuwa na shida juu ya shida."

"Si unatengeneza mwingine kwa kuufuatisha huu?" Mama aliuliza.

"Ukifuatisha ufunguo mgonjwa, unazaa mtoto mgonjwa. Nipeni meza."

Alifunga jiliwa lake dogo la kubania chuma kwenye ukingo wa meza, wakaibeba meza hadi uani. Kisha akachomoa kufuli la mlango wa abiria, ambalo hufunguliwa kwa ufunguo uleule ila halikutumika sana, na vijipini vyake havikuwa vimelika. Alilifungua, akatoa vijipini kimoja kimoja, na Chiriku akavipokea kwenye sahani nyeupe kwa mpangilio uleule, bila hata kupiga chafya. Fundi alipima kila kijipini, akalibana bamba la ufunguo mpya lisilo na meno katika jiliwa, akaanza kulikata kwa tupa. Kata mbili, pima. Kata moja, pima. Chenga za shaba zilidondoka mezani. Mama alisinzia kwenye kiti, shingo imelala upande. Kivuli cha nyumba kilivuka uwanja mzima.

Jua lilikuwa linagusa mapaa Mama Tupa alipoingiza ufunguo mpya. Uligoma. Akautoa, akaupitisha tupa mara moja kwenye jino la nne, akaupuliza, akaurudisha.

Ukazunguka. Gari likakohoa, likakohoa tena, likawaka.

"Huyo!" Babu alipiga makofi. Mama aliamka kwa mshtuko, akafunika uso kwa viganja, na mabega yake yakashuka polepole.

Mama Tupa alikaa kwenye ngazi kando ya Chiriku. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni.

"Unajua ni kitu gani kimetuchosha leo?" aliuliza. "Siyo ufunguo. Ufunguo umepindwa na watu wengi tu, hata mimi nimewahi kuharibu mambo makubwa kuliko hayo. Kilichotuchosha ni ile 'sijaugusa'. Mimi hutafuta ubovu kwa kufuata majibu ya watu. Ukinipa jibu la uongo, nafungua mlango usio wake, na nitapoteza siku nzima humo. Ungesema saa kumi, saa hizi mama yako angekuwa ameamka usingizini."

"Nilidhani nikinyamaza namsaidia."

"Najua. Watu wengi wema hukosea hapo hapo. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na mficha kosa huwatwisha wengine mzigo wake, nao hawajui wamebeba nini. Ukimwonea mtu huruma, mwambie ukweli mapema, angali na nguvu za kukusaidia. Umesikia?"

"Nimesikia. Na asante kwa kunisubiri niseme, Mama Tupa."

"Sikusubiri, mwanangu. Ulisema wewe. Ulichelewa, lakini ulisema kabla ya drili."

Chiriku alikwenda dirishani kwa Mama, aliyekuwa ameshaingia garini, akamwomba msamaha. Mama alimgusa shavu kwa kidole kimoja, akasema, "Kesho utafua sare zangu zote za kazi. Sasa nipishe nikatie mafuta kabla hawajafunga." Gari likatoka getini, nyaya zake zikiwa wazi chini ya usukani, vifuniko vya plastiki vimerundikwa kiti cha nyuma.

Mama Tupa alikuwa ameshalibana bamba la pili kwenye jiliwa, la ufunguo wa akiba, maana nyumba yenye ufunguo mmoja haina ufunguo. Alikata meno mawili, akaliangalia jua, akaweka tupa chini.

"Macho yangu yamekataa," alisema. "Yamebaki meno matatu, pamoja na kufuli la mlango na vile vifuniko. Babu akishatoka hospitali nitakuja. Ukirudi shule utanikuta."

Akajitwika kisanduku, akaondoka kwa mwendo wake uleule. Chiriku alifagia chenga za shaba, akaifunika ile sahani ya vijipini kwa bakuli, kisha akalifunga jiliwa kwa mfuko wa nailoni, ufunguo ukiwa bado ndani yake na meno yake mawili, ili umande usiuguse mpaka kesho.